SOMO: Kiambatisho cha barua pepe kimegoma kufunguka? Soma hapa kabla ya kuuliza

Wakuu, naandika hili mara moja tu. Nimechoka na "nimetumiwa faili halifunguki, nifanyeje?" bila mtu kutaja hata ni faili gani. Mfano wangu ni Windows. Wenye Mac na Linux, hatua ni zilezile, menyu tu ndizo tofauti.

Hatua ya 1. Unamjua aliyetuma, na ulikuwa unatarajia kitu kutoka kwake? Kama hapana, futa.

Hatua ya 2. Shusha faili kwenye folda. Usilifungulie ndani ya barua pepe.

Hatua ya 3. Washa ekstensheni, yaani zile herufi baada ya nukta ya mwisho. Windows huzificha isipoambiwa vinginevyo. Fungua folda, bofya "View", kisha "Show", kisha weka tiki kwenye "File name extensions". Ile "ankara.pdf" yako huenda ikageuka kuwa "ankara.pdf.exe", na hiyo si ankara, ni programu. Mchezo huu ni wa zamani: kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilikuja kama LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, watu wakaona TXT wakadhani ni maandishi. Ukikuta exe, scr, vbs, js, bat au lnk mwishoni, usiguse.

Hatua ya 4. Jua faili ni nini hasa. Hapa ndipo mafaili hufia, kwa hiyo soma taratibu. Ekstensheni ni lebo tu. Kubadilisha jina kutoka .pages (ya programu ya Pages ya Apple) kwenda .docx (ya Word) hakugeuzi chochote kilichomo. Word italalamika kwamba faili limeharibika, halafu itajitolea kulitengeneza. Ukikubali na kuhifadhi, umeandika takataka juu ya faili la asili. Kwa hiyo tengeneza nakala kwanza, na ucheze na nakala peke yake. Ifungue kwa Notepad uangalie herufi za mwanzo kabisa, mauzauza yanayofuata yaache. Ukiona %PDF, ni PDF hata kama jina linasema vingine. PK ni zip, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa, na kumbuka docx, xlsx, pptx na odt zote ndani yake ni zip. Rar! ni rar, kifurushi cha aina nyingine. PNG ni picha. JFIF au Exif karibu na mwanzo ni picha ya JPEG. MZ ni programu ya Windows: kama uliambiwa ni barua au picha, umedanganywa, futa.

ONYO: funga Notepad BILA kuhifadhi. Ukihifadhi, nakala hiyo imekufa.

ONYO la pili: usipandishe mkataba, vyeti au taarifa za benki kwenye tovuti za kugeuza mafaili. Hata VirusTotal, ambayo ni nzuri kwa kupima virusi, huwapa kampuni za usalama mafaili yanayopandishwa. Si mahali pa siri.

Hatua ya 5. Tafuta programu inayofaa. LibreOffice ni ya bure na inasoma odt, docx, wps za Microsoft Works na pub za Publisher (mpangilio unaweza kuyumba kidogo). 7-Zip inafungua rar, 7z na zip. Video na sauti, VLC. Ukikuta kijifaili cha p7s, ni saini ya kidijitali, hakuna cha kusoma humo.

Hatua ya 6. Imeshindikana? Mwombe aliyetuma akutumie PDF. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kufanya hivi. Kwake ni mibofyo miwili.

MASWALI

Kizibo: Mkuu langu bado halifunguki.
Jibu: Lipi? Rudi hatua ya 3 uje na herufi.

Kizibo: Ni la kazini.
Jibu: Hiyo si ekstensheni.

Ngamia: Kuna ofisi kila ikinitumia barua napata winmail.dat, lakini wenzangu waliotumiwa barua hiyohiyo wanaona PDF ya kawaida. Inakuwaje?
Jibu: Swali zuri sana. Outlook ikituma kwa muundo wa Rich Text, hufunga viambatisho ndani ya kifurushi kinachoitwa TNEF. Wenzako bila shaka wanatumia Outlook, inakifungua kimyakimya. Programu yako haikijui, inakuonyesha kifurushi chenyewe. PDF yako imo humo. Kuna programu ndogo za bure za kusoma TNEF, lakini dawa ni mtumaji abadilishe muundo uwe HTML. Akisema ameshabadilisha na bado inatokea, atazame mpangilio wa anwani yako kwenye orodha yake. Muundo unaweza kuwekwa kwa mtu mmojammoja.

Mchele: Somo refu hivi! Si ungetaja tovuti moja ya kugeuza tukamaliza?
Jibu: Onyo la pili. Limeandikwa ONYO kwa herufi kubwa.

Kizibo: Ni .rar
Jibu: 7-Zip. Likidai nywila, mpigie simu aliyetuma. Faili lenye nywila antivairasi haiwezi kulichungulia ndani, na walaghai wanalijua hilo. Nywila ikiwa imeandikwa kwenye barua hiyohiyo ya mtu usiyemjua, futa.

Tumbili: Nilibadilisha nakala ya .pages kuwa .zip, nikakuta preview.jpg tu. Maandishi yako wapi?
Jibu: Umefanya vizuri kutumia nakala. Mafaili ya Pages ya zamani yalikuwa na Preview.pdf kwenye folda ya QuickLook, ungesoma yote. Mapya yana picha ya kuonjesha tu. Ingia iCloud.com kwa akaunti ya Apple, ni bure, lifungulie kwenye Pages ya humo, kisha litoe kama Word au PDF.

Ngamia: Nyongeza: wanaotumiwa picha za .heic kutoka iPhone, mwenye simu aingie mipangilio ya kamera, kwenye "Formats" achague "Most Compatible". Zitatoka JPEG.
Jibu: Shukrani. iPhone zilianza kupiga za heic kwenye iOS 11 (mfumo wa simu hizo) ya 2017. Zilizokwisha kupigwa hazibadiliki, lazima zigeuzwe.

Tumbili: Nje ya mada kidogo. CSV (jedwali la maandishi matupu) inafunguka Excel lakini majina yenye alama juu ya herufi yanageuka vinyago.
Jibu: Excel imekisia vibaya usimbaji, yaani jinsi herufi zilivyoandikwa ndani ya faili. Usibofye faili mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda "Data", chagua "From Text/CSV", kisha kwenye "File Origin" weka UTF-8. Ukiwa hapo, safu ya namba za simu ifanye maandishi, la sivyo sifuri za mwanzo zitaliwa.