Mama akitoka damu nyingi baada ya kujifungua

Wadogo zangu wa wodi ya wazazi hapa Temeke, damu ikifika nusu lita usingoje daktari. Ita wenzako, kanda mfuko wa uzazi, toa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kisha asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajifungue.

Kipimo cha kuganda kwa damu ninachokiamini: weka mililita 2 za damu kwenye chupa kavu ya kioo isiyo na dawa, ishike kiganjani ipate joto. Dakika ya 4 iinamishe polepole, urudie kila dakika. Ikifika ya 7 bado inatiririka, damu haigandi: omba damu na plazma (maji ya damu yenye vigandishi) upesi. Na mfunike blanketi, hata kwa joto hili la Dar. Mwili ukipoa, damu huganda kwa shida.