Kutafuta Kazi ya Kufundisha Kiingereza Ng'ambo Ukiwa Malindi

Kabla ya kulipa ada yoyote, soma masharti ya viza ya nchi unayoitaka. Korea Kusini, kwa mfano, kwa kawaida huwapa viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza raia wa nchi 7 tu, zikiwemo Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, na Kenya haimo, hata kama umesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Ubaguzi huo unaumiza, lakini barua nzuri ya maombi haiuondoi. Tayarisha mapema digrii, usajili wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya) na cheti cha tabia njema. Wakala akikuita mkahawani na kudai pesa taslimu, hakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.