SOMO: Kumnunulia mwenza saa ya mtumba ya bei mbaya hapa Dar bila kulizwa

Habari zenu wadau. Tangu baba watoto aanze kuvaa ile Omega, inboksi yangu imekuwa dirisha la maulizo, na maswali ni yale yale: dada ulinunua wapi, dada nitajuaje siyo feki, dada nina laki tano napata Rolex? Naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia linki. Jibu la laki tano ni hapana.

Nikisema mtumba namaanisha saa ogi ya Uswisi au Ufaransa ambayo mtu keshaivaa, kina Omega, Rolex, Cartier, Longines, Tag Heuer. Kopi za Kariakoo zina soko lake na wala sizisemi vibaya, ila uwe unajua unanunua kopi na ulipe bei ya kopi.

HATUA YA 1. Mjue atakayevaa.
Vito vyake ni vya dhahabu au vyeupe? Mkono mwembamba au mnene? Akiingia kuoga chukua saa anayovaa sasa, pima upana wa uso kwa rula, kile kifundo cha kutegea cha pembeni usikihesabu, halafu pima urefu wa mkanda au cheni kwa ndani ikiwa imefungwa. Andika kwenye simu, futa ushahidi.
Halafu jiulize anavaa lini. Mke anayevaa saa Jumapili kanisani na kwenye sendofu tu usimnunulie otomatiki (ile inayojijaza yenyewe mkono ukitembea), zile nyingi zikikaa mezani siku mbili zinasimama, kila Jumapili atakuwa anapanga saa na tarehe huku gari limeshawashwa na watoto wanapiga honi. Mchukulie ya betri, Cartier Tank za betri zipo, Omega Constellation za betri zipo nyingi tu, na hazikuwahi kuwa feki eti kwa sababu zina betri.

HATUA YA 2. Bajeti iwe na sevisi ndani yake.
Omega wenyewe wanasema sevisi kila miaka 5 hadi 8, Rolex wanasema kama miaka 10. Muuzaji asipokuwa na karatasi ya sevisi wewe hesabu haijafanyika, usikubali "ilifanyiwa juzi juzi". Saa ya milioni tano inayodai sevisi ya milioni moja ni saa ya milioni sita.

HATUA YA 3. Muuzaji awe na mahali.
Duka au ofisi, TIN, risiti ya EFD. Anayetaka mkutane paking, muache hapo hapo paking. Akikutajia dola mkumbushe kuwa kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, utaona kama ni mfanyabiashara au ni mpita njia.

HATUA YA 4. Namba.
Kila saa ya maana ina namba yake ya pekee. Rolex za zamani, mpaka katikati ya miaka ya 2000, namba iko pembeni mwa kesi (bodi ya saa) upande wa chini penye namba 6 ya uso, katikati ya yale masikio yanayoshika cheni, huioni mpaka cheni itolewe. Za baadaye imechorwa kwenye ile pete ya ndani chini ya kioo. Ilingane na kadi ya dhamana. Ikiwa imesagwa au imefutika, aga uondoke. Kwa ada ndogo unaweza kuikagua kwa The Watch Register ya London, hao wanatunza orodha ya saa zilizoibwa.

HATUA YA 5. IFUNGULIWE MBELE YAKO.
Nyingine zote ruka ukitaka, hii usiruke. Hapa ndipo hela yangu ya kwanza ilipoliwa: kesi ogi, uso ogi, boksi ogi, ndani mashine ya Kichina. Wanachofanya ni kuchukua saa iliyokufa, mashine nzuri inauzwa kwingine, wanapachika ya bei chee inayotembea vizuri tu, na wewe ukiishika dukani ina uzito wake, inang'aa, mshale unatembea laini, utajuaje? Boksi na kadi havikusaidii, vinauzwa vyenyewe mtandaoni bila saa, boksi tupu lina bei yake. Kinachosema ukweli ni mashine. Kabla ya kwenda tafuta mtandaoni modeli unayoitaka inatakiwa kuwa na mashine gani, mfano Rolex Datejust namba 16233 ndani unatakiwa ukute imeandikwa 3135, ukikuta kingine chochote hakuna mjadala. Piga picha mashine, picha ya karibu, linganisha maandishi, skrubu, rangi. Angalia kama skrubu zina makovu ya bisibisi, maana yake kuna mtu kapita hapo akiwa na haraka. Uliza na kutu, Dar hii yenye chumvi ya bahari mpira wa kuzuia maji ukichoka kutu inaanzia kwenye shingo ya kile kifundo na inatambaa ndani taratibu bila mtu kujua.
Sasa tahadhari, na hizi nazo watu wanazidharau:
Usifungulie kwa fundi wa kibarazani mwenye bisibisi na mpira wa gundi. Mfuniko wa nyuma wa Rolex una meno meno na una ufunguo wake, akiteleza amekuachia mkwaruzo wa kudumu na muuzaji atakudai wewe.
Fundi uwe umemchagua wewe. Fundi aliyeitwa na muuzaji ni wa muuzaji.
Aweke saa kwenye kile kimashine cha kupima mapigo. Otomatiki iliyojazwa vizuri inatakiwa kusoma kama digrii 270 hadi 300 (siyo joto, ni upana wa mzunguko wa lile gurudumu linalocheza ndani), ikisoma 200 inalia sevisi, punguza bei au ondoka.
Ikishafunguliwa haizuii maji tena mpaka ipimwe kwa presha, hata kama mfuniko umeandikwa mita 300.
Na muuzaji akikataa isifunguliwe, basi. Hata akiwa mjomba wako.

HATUA YA 6. Cheni.
Ishike saa kwa ubavu, cheni ilale hewani yenyewe. Ikijikunja na kuning'inia kama ndizi imechoka. Halafu hesabu vipande, kwa sababu aliyeivaa kwanza kama alikuwa na mkono mwembamba vipande vya ziada vilitolewa na mara nyingi vimepotea, na kipande kimoja ogi cha chuma na dhahabu utalia ukisikia bei. Ndiyo maana nilikwambia upime.

HATUA YA 7. Lipa kwa benki, jina la kampuni, siyo kwenye namba ya simu ya kijana wa dukani. Basi.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

—

Mzigo wa Tandale: Dada Rolex bei gani kwa sasa?

Ni sawa na kuuliza gari bei gani. Modeli ipi, mwaka gani, hali gani. Rudi juu.

Kaka Tegeta: Mimi nimepata Datejust milioni moja na laki mbili, jamaa ni ya marehemu baba yake, ana boksi na kadi kabisa, yuko Sinza ila anataka advansi nimtumie leo maana kuna mteja mwingine anakuja jioni. Nifanyeje?

Hatua ya 3, hatua ya 5, hatua ya 7. Zote tatu kwa mpigo. Mwache mteja wa jioni aichukue.

Kaka Tegeta: Lakini dada kadi ina namba inayolingana na saa.

Kaka, aliyeweza kutengeneza saa ashindwe kutengeneza kadi?

Bwana Mdogo Ilala: Shikamoo dada. Swali dogo tu la kutaka kujua. Wanasema ogi mshale wa sekunde unateleza na feki unadunda tik tik. Ni kweli? Na kwa nini?

Marahaba mdogo wangu, hili swali nalipenda. Ni nusu ukweli. Otomatiki nyingi za sasa zinapiga mapigo 28,800 kwa saa moja, gawanya kwa sekunde 3,600 unapata mapigo manane kila sekunde, kwa hiyo mshale unaruka hatua nane ndogo ndogo na jicho lako linaona kama unateleza. Ukitulia ukaangalia kwa kile kioo cha fundi cha jichoni utaziona zile hatua. Ya betri inaruka mara moja kwa sekunde, hiyo ndiyo tik tik. Sasa Cartier ya betri ogi haitelezi, na hata Rolex walitengeneza ya betri, inaitwa Oysterquartz, kuanzia 1977, inadunda na ni ogi. Na upande wa pili kopi za siku hizi zina mashine za mapigo hayo hayo manane, zinateleza vizuri kabisa. Kwa hiyo mshale hautoshi kwa vyovyote. Ukitaka kuendelea kujifunza soma habari za mashine, siyo habari za majina.

Bwana Mdogo Ilala: Asante sana dada. Na ile ya Cartier kuwa na maandishi yaliyofichwa?

Ipo. Kwenye nyingi zenye namba za Kirumi, mara nyingi kwenye VII, mstari mmoja siyo mstari, ni jina Cartier kwa herufi ndogo sana. Wenye kopi nao wanaiweka siku hizi, ila yao mara nyingi imevimba wino au herufi zimeshikana. Iangalie, ila isikufanye ulegee kwenye hatua ya 5.

Mzee wa Hesabu: Unatisha watu bure. Mimi nilinunua Tag mwaka juzi bila kufungua chochote na mpaka leo iko fresh.

Hongera mkuu. Kuna watu wanavuka Morogoro Road bila kuangalia na wanafika. Umeshaifungua ukaona ndani?

Mzee wa Hesabu: Sina haja.

Haya.

MamaGift: Dada na kama shemeji yangu anatoka Dubai aniletee akiwa ameivaa mkononi?

Shemeji aivae akitaka ila aitamke pale uwanjani. Ni bidhaa inaingia nchini, ina ushuru wa forodha na VAT asilimia 18, na VAT inapigwa juu ya bei ukishajumlisha na ushuru, siyo juu ya bei tupu, watu wanakosea hesabu hapo. Muulize wakala wa forodha kabla ya safari, aje na risiti ya duka. Bei ya Dubai inaonekana tamu mpaka uweke na hayo.

Shangazi wa Mbezi: Mwanangu mimi nataka kumnunulia mzee wangu ya dhahabu. Nitajuaje ni dhahabu kweli na siyo kuchovywa?

Shikamoo shangazi. Dhahabu ya saa hizi mara nyingi ni karati 18, utakuta imepigwa mhuri 750. Saa ya Uswisi ya kesi ya dhahabu iliyotengenezwa tangu 1995 ina na kialama kidogo cha kichwa cha mbwa, yule mbwa mkubwa wa milimani. Kabla ya hapo kwa karati 18 ilikuwa kichwa cha mwanamke. Halafu ipeleke kwa sonara Mtaa wa Indira Gandhi akupimie, wale wazee macho yao yana miaka na dhahabu. Ila shangazi, sonara anapima dhahabu, mashine siyo kazi yake. Peleka na kwa fundi.

Shangazi wa Mbezi: Mungu akubariki. Na hizo za dukani kabisa zilizotumika hazipo?

Zipo. Rolex wenyewe walianza Desemba 2022 kuuza za mtumba zilizothibitishwa, kupitia mawakala wao, walianzia kwa Bucherer huko Ulaya, unapewa dhamana ya miaka miwili. Bei inapanda kidogo lakini kwa mtu anayetaka kulala usingizi ni njia nzuri. Kama una mtoto au ndugu huko, muulize.

Tausi: Nimemnunulia mume wangu, nimefuata hatua zote asante. Sasa inakimbia, kila siku inaenda mbele dakika kadhaa. Nimelizwa?

Sidhani, hiyo inanuka sumaku. Anaiweka wapi usiku?

Tausi: Juu ya spika ya redio 😅

Ndiyo hiyo. Fundi anaitoa sumaku kwa dakika moja, kitu rahisi. Na kinadada, zile klipu za mikoba yetu zina sumaku pia, usitupie saa humo. Omega zilizoandikwa Master Chronometer zinavumilia sumaku kali sana, nyingine nyingi hazivumilii hivyo.

Fundi Msimbazi: Niongezee dada kama hutojali. Ukiona ukungu chini ya kioo usiizike kwenye mchele kama simu, mvuke umeshafika kwenye mashine, lete siku hiyo hiyo ifunguliwe ikaushwe. Na iliyoandikwa mita 30 ni ya kunawa mikono, siyo ya kuogelea Kigamboni.

Asante fundi. Hapa ndipo watu wanakuja na saa yenye maji ya Coco Beach ndani na kusema ni feki.

Kaka Tegeta: Dada nimeachana na yule wa Sinza. Nimepata Omega Seamaster posta, fundi wangu kaifungua, iko sawa. Tatizo moja, tarehe inabadilika saa sita mchana. Ni mbovu?

Safi sana! Siyo mbovu, umeitega ikiwa imepishana nusu siku. Zungusha mishale mbele masaa 12, itabadilika usiku. Na ile ya kuruka tarehe kwa haraka usiiguse kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwenye mashine nyingi meno ya tarehe yanakuwa yameshikana muda huo na unaweza kuvunja kitu.

Kaka Tegeta: Imekubali. Sasa naificha wapi mpaka tarehe 14, huyu mwanamke anapekua mpaka mifuko ya mchele.

Iache kwa fundi, lipia na presha kabisa.