Somo: Kupima mabadiliko ya seli kwa altrasaundi ya masafa ya juu

Somo hili nimeliandaa kwa wanafunzi wa tiba na baiolojia walioko hapa Dodoma, ambao wanaifahamu altrasaundi kwa kazi ya kumtazama mtoto tumboni lakini hawajapata kuitumia kuchunguza seli. Ni vyema ieleweke mapema kwamba kipimo hiki hakioneshi seli moja moja. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo kwa megahezi 50, yaani mitetemo milioni 50 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni mikromita 30, ilhali seli nyingi za binadamu zina upana wa mikromita 10 hadi 20. Tunachopokea ni mwangwi wa seli nyingi kwa pamoja, na mwangwi huo hauna maana mpaka ulinganishwe na kipimo cha rejea na seli ambazo hazikuwekewa dawa.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Toronto nchini Kanada, wakiwemo Gregory Czarnota, Michael Kolios na Michael Sherar, walionesha kuwa seli za saratani ya damu zilizouawa kwa dawa ya sisplatini hurudisha mwangwi mkubwa kuliko seli hai. Seli inayokufa kwa apoptosisi, yaani kifo ambacho seli hukiendesha yenyewe kwa mpangilio, hukusanya kromatini yake, yaani DNA na protini zilizomo ndani ya kiini, kisha kiini chake husinyaa na kuvunjika vipande, na hayo ndiyo mabadiliko tunayoyatafuta.

Hatua ya 1: Maji. Visima vingi vya kwetu hutoa maji ya chumvi, na chumvi ya kiasi usichokijua hubadilisha kasi ya sauti kwa namna usiyoitarajia, kwa hiyo tumia maji yaliyokenekwa. Yachemshe ili hewa itoke, uyafunike yapoe, ndipo utengeneze kwayo bafa ya fosfati yenye chumvi sawa na ya mwilini, kwa sababu seli zikiwekwa kwenye maji matupu hupasuka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi takriban 96, joto ambalo latosha kwa kazi hii. Pima halijoto kila unaporekodi. Kasi ya sauti majini ni mita 1,482 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 na 1,497 kwenye nyuzi 25. Tofauti hiyo ya asilimia 1, katika kina cha milimita 9, ni mikromita 90, nayo ni sawa na mawimbi matatu mazima ya megahezi 50. Asubuhi ya baridi ya Juni na mchana wake katika chumba kilekile si hali moja.

Hatua ya 2: Sampuli. Gawa seli za chupa moja katika mafungu mawili, moja liwekewe dawa na jingine lisiwekewe. Hesabu seli, weka idadi sawa katika vyombo vyenye kitako bapa, kisha zungusha vyote kwenye sentrifyuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, kwa mwendo na muda uleule hadi seli zishikamane kuwa tabaka. Hapa ndipo ninapowaomba muwe waangalifu kuliko kote, kwa kuwa mpangilio wa seli huathiri mwangwi kama yanavyouathiri mabadiliko ya kiini. Seli zenye ukubwa unaolingana zikipangika kwa utaratibu, sehemu ya miangwi yake hufutana. Zikitofautiana ukubwa na mpangilio ukavurugika, kufutana huko hupungua na mwangwi huongezeka, hata kama ndani ya viini hakuna kikubwa kilichotokea.

Hatua ya 3: Rejea. Weka kipande bapa cha kwazi (jiwe gumu linalofanana na kioo) iliyosuguliwa kwenye fokasi ya proba, yaani pale sauti ya kifaa kinachotuma na kupokea mwangwi inapokusanyika, urekodi mwangwi wake. Baada ya hapo usibadilishe proba, nguvu ya pigo wala kina. Ukilazimika kuongeza ukuzaji wa ishara, andika ni desibeli ngapi, yaani vipimo vya ukubwa wa ishara.

Hatua ya 4: Kurekodi. Hifadhi mawimbi ghafi ya mwangwi, si picha pekee. Chukua mistari mingi kutoka sehemu tofauti za tabaka, kwani mstari mmoja hubadilikabadilika mno.

Hatua ya 5: Hesabu. Kata kipande cha wimbi kilichoko kwenye fokasi, kipitishe kwenye badiliko la Fourier, hesabu inayotenganisha wimbi kwa masafa yake na kutoa spektra, yaani ukubwa wa mwangwi katika kila masafa, tafuta wastani wa mistari yote, kisha punguza humo spektra ya kwazi, zote zikiwa kwa desibeli. Chora mstari mnyoofu ndani ya upana wa masafa ya proba, usome thamani yake ya katikati na mwinamo wake. Thamani ya katikati hueleza ukubwa wa mwangwi. Mwinamo hubadilika kufuatana na ukubwa wa vitu vinavyotawanya sauti, na kwa kawaida huongezeka vikiwa vidogo.

Maswali ya wanachama wa darasa hili

Mwanachama wa Kondoa: Shikamoo mwalimu. Je, mashine ya wajawazito haiwezi kufanya kazi hii?

Jibu: Marahaba. Kwa kufuata somo hili, hapana. Kwa megahezi 5 za mashine kama hiyo, wimbi lina urefu wa milimita 0.3, na mashine nyingi za hospitali hazimpi mtumiaji mawimbi ghafi. Hata hivyo, kundi la Toronto baadaye lilitumia masafa ya chini kufuatilia matibabu ya saratani ya matiti, kwa hiyo njia haijafungwa. Faida ya masafa hayo ya chini ni kina: sauti ya megahezi 50 hupotea baada ya milimita chache tu za tishu.

Mwanachama wa Mpwapwa: Mwangwi ukiongezeka, naweza kuandika kwamba seli zimekufa kwa apoptosisi?

Jibu: Usiandike hivyo, dada yangu, mpaka uwe umepaka rangi seli za sampuli ileile na kuvitazama viini vyake kwa hadubini. Seli zilizokufa kwa njia nyingine nazo zinaweza kubadilisha mwangwi.

Mwanachama wa Dodoma mjini: Je, sauti yenyewe haiui seli?

Jibu: Mapigo ya kupiga picha ni mafupi na nguvu yake ni ndogo, lakini usiishie kwenye dhana. Tenga chombo cha tatu chenye seli zisizo na dawa, kikae kwenye bafa muda uleule proba ikiwa imezimwa, kisha ulinganishe viini vyake na vya fungu lisilo na dawa lililopigwa sauti.