Wali wa soseji, sufuria moja tu

Siku umerudi kazini jioni na watoto wana njaa, anza na soseji kabla ya kitunguu. Zikate vipande, zikaange hadi ziwe kahawia, zitoe. Yale mafuta yaliyobaki ndiyo yenye ladha, usiyamwage! Humo humo kaanga kitunguu, saumu, karoti na nyanya 2 mpaka nyanya zirojeke kabisa. Tia mchele vikombe 2 uliooshwa, geuza kidogo, kisha maji ya moto vikombe 3 na nusu. Chumvi kiasi tu, soseji zina yake. Maji yakikaribia kukauka, rudisha soseji juu, funika, punguza moto, dakika 12 hivi bila kufunua. Wa jiko la mkaa, palia, yaani weka makaa juu ya mfuniko. Hoho iingie mwishoni, ibaki na rangi.