Mafuta ya Jikoni kwa Mnyororo wa Baiskeli Uliokauka

Mnyororo ulioloweshwa na mvua kisha ukakaushwa na jua huanza kulia kama kifaranga, na aliye mbali na fundi hana budi kubisha hodi kwenye jiko la jirani. Asipokee tu kila mafuta atakayopewa. Siagi na majarini zina maji, na mara nyingi chumvi pia, kwa hiyo hukaribisha kutu. Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki nayo hubeba chumvi na chenga. Samli ni afadhali, kwa kuwa maji yake yalikwisha chemshwa yakatoka. Huko Singida huenda ukapata alizeti tu: hupenya vizuri, lakini ikikaa hewani hugeuka ulimbo kama ule unaonata ukingoni mwa kikaango. Mafuta ya nazi hayafanyi ulimbo upesi hivyo, ila huganda kukiwa na baridi, basi yayeyushe kwanza.

Pindua baiskeli isimame kwa tandiko na usukani, ufute mnyororo kwa kitambaa kikavu mpaka mchanga uishe. Chovya ncha ya unyoya wa kuku, kisha dondoshea kila kiungo tone moja upande wa ndani, ule unaogusa meno, huku mkono wa pili ukizungusha pedeli kinyumenyume. Kinachohitaji mafuta ni pini iliyojificha ndani ya kiungo, wala si bapa za nje zinazoonekana. Nusu kijiko cha chai kinatosha mnyororo mzima. Subiri kidogo, kisha futa tena, na ufute kwa ukali, maana mnyororo unaong'aa kwa mafuta hukusanya vumbi na kujisaga wenyewe.

Ringi na mipira ya breki visiguswe kabisa. Tone likiangukia hapo, osha kwa sabuni na ujaribu breki kabla ya kupanda. Gololi za ekseli pia ziache, kwa sababu mafuta mepesi huyeyusha grisi yake.

Ukifika mjini, usilale na alizeti hiyo wiki nzima. Mimi niliisahau mwezi mmoja, viungo vitatu vikakakamaa visikunjike, ikabidi niuvue mnyororo na kuulaza usiku kucha kwenye mafuta ya taa. Ukiuwahi, brashi na mafuta ya taa kidogo vinatosha. Uache ukauke kabisa ndipo utie mafuta ya cherehani.