Somo: Kusuka riwaya ya taharuki ya nyakati mbili ndani ya nyumba kongwe ya ufukweni

Rasimu nyingi za aina hii hukwama katikati, na sababu huwa ileile: mwandishi ameandika hadithi moja ya leo na kuichomeka kisengerenyuma, yaani kurudi kwenye matukio ya nyuma, kila anapoishiwa. Riwaya ya nyakati mbili ni hadithi mbili, na kila moja ina saa yake inayokimbia. Somo hili linatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho ili hatua zishikane.

Hatua ya 1: Andika siri nzima kwenye karatasi moja

Iandike kwa mpangilio wa kalenda, bila mafumbo, kama taarifa ya polisi. Karatasi hii haisomwi na mtu mwingine. Mfano wetu: usiku mmoja wa mwaka 1974, mume anagombana na shemeji yake, kaka wa mkewe, juu ya hati ya nyumba. Anaanguka ngazini na kufa. Kabla hakujapambazuka, shemeji na mke wanamzika chini ya sakafu ya stoo. Asubuhi wanasema alitoka na mashua saa 11 alfajiri, akazama. Mtoto wa miaka 9 alikuwa macho. Hakuona kitu, ila alisikia. Mwaka 2024 mjukuu anafika kuiuza nyumba, na mnunuzi anakuja kutia saini baada ya siku 10.

Chini ya taarifa andika mambo matatu: nani anajua nini, nani anafaidika na ukimya, na kitu gani kimebaki ndani ya nyumba. Ukishindwa kujaza hilo la tatu, siri yako haihitaji nyumba. Itafutie mahali pengine.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umri

Mke alikuwa na miaka 30, sasa ana 80. Mtoto ana 59. Pengo la miaka 50 linakuachia mashahidi hai wanaoweza kudanganya mezani, uso kwa uso. Pengo la miaka 100 linakuachia karatasi na kuta tu, na hiyo ni riwaya ya aina nyingine. Yote mawili yanaandikika, lakini chagua kabla ya sura ya kwanza.

Hatua ya 3: Iache nyumba itoe ushahidi

Hapa ndipo waandishi wengi huishia kwenye milango inayolia na mapazia yanayopepea. Nyumba ya pwani inaharibika kwa njia zake, na kila uharibifu ni kidokezo cha bure.

Chumvi inayobebwa na upepo huingia ukutani, na kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani, rangi mpya hutoka malengelenge muda si mrefu. Chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana nondo zilizo ndani ya zege huipasua kutoka ndani. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba kwa simenti, unyevu hukosa pa kutokea, na kiraka huonyesha mipaka yake: ufa pembezoni, doa la maji kukizunguka. Mtu aliyeziba kwa haraka mwaka 1974 ameacha sahihi ambayo fundi yeyote anaisoma. Isitoshe, udongo uliochimbuliwa na kurudishwa hushuka polepole, kwa hiyo sakafu juu yake hubonyea. Mpe mjukuu gololi iliyoanguka, ione yenyewe njia ya kwenda.

Hatua ya 4: Tumia bahari kama saa

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo, huja kati yake. Angalia kwanza bahari yako ni ipi: sehemu kubwa ya Mediterania, kupwa na kujaa ni kudogo mno kubeba kisa.

Sasa tazama mfano wetu unavyojibana wenyewe. Ni usiku wa bamvua na maji yamejaa saa 5 usiku. Nyumba imejengwa juu ya mchanga, hatua chache kutoka majini, hivyo maji ya chini ya ardhi hupanda bahari inapojaa. Shimo likichimbwa saa 6 litajaa maji. Wazikaji wanalazimika kusubiri hadi saa 8 au 9 maji yapungue, na saa 12 kunakucha. Hiyo ndiyo saa ya hadithi ya zamani, na hukuhitaji kumleta polisi mlangoni.

Tena tazama uongo wao. Walisema mashua iliondoka saa 11 alfajiri. Saa hiyo maji yalikuwa yamekupwa kabisa, na kupwa kwa bamvua ndiko kwa mbali zaidi. Mashua ilikuwa imelala mchangani. Familia nzima imerudia sentensi hiyo kwa miaka 50 bila mtu kuihesabu. Mjukuu anahitaji jedwali la maji na kalamu.

Tahadhari moja. Ukitaja tarehe kamili, mwezi wa tarehe hiyo unajulikana, na kuna msomaji atakayekagua. Tarehe 29 Novemba 1974, kwa mfano, mwezi ulikuwa mpevu na ulipatwa. Ukiandika giza totoro la mwezi mwandamo, umenaswa.

Hatua ya 5: Kagua vitu vinavyovuka wakati

Viwili au vitatu vinatosha. Kalamu ya bolpeni ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1945, kwa hiyo isitokee kwenye barua ya 1930. Kaseti za sauti zilitoka 1963. Picha za rangi za miaka ya 1970 mara nyingi hugeuka nyekundu kwa uzee, hazibaki kama zilivyotoka studio. Barua iliyokaa miaka 50 katika nyumba yenye unyevu imeshikana kurasa na ina ukungu; haifunguliwi kwa mkupuo. Sura nzima inaweza kuwa kazi ya kuitenganisha.

Hatua ya 6: Andika kila wakati peke yake, kisha uchanganye

Kwa riwaya ya maneno 80,000, panga sura 40 za maneno 2,000: 26 za leo na 14 za zamani. Zamani inabeba usiku mmoja, leo inabeba siku 10. Usizipishanishe moja kwa moja kama vigae vya sakafu. Msomaji akishazoea mdundo, taharuki imekufa.

Mshono, pale sura ya zamani inapokutana na ya leo, ndio kazi yenyewe. Mfano:

*Mtoto alisikia mwiko ukikwangua karai. Mama akarudi chumbani, akanawa mikono gizani, akalala bila kuvua nguo. Alinuka simenti.*

Sura inayofuata, 2024:

*"Hii si chokaa," fundi alisema, akigonga sakafu kwa kitako cha patasi. "Aliyeziba hapa alikuwa na haraka."*

Hakuna aliyeeleza kitu. Msomaji anajua zaidi ya mjukuu, lakini hajui aliyelala chini ni nani. Kila mshono uache pengo la namna hiyo. Sura ya zamani ikijibu kwa usahihi swali lililoulizwa na sura ya leo, ifute au ihamishe.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, sura zangu za zamani anasimulia bibi mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Wasomaji wa majaribio wanalalamika kuwa nimewaficha kwa makusudi.

Jibu: Wana haki. Msimulizi anayejua na kunyamaza bila sababu anaonekana mlaghai, na lawama inakuja kwako. Mpe sababu: aandike barua kwa mtu ambaye ni lazima amfiche. Au mhamishie mtoto usimulizi. Asichokijua hahitaji kukificha.

Swali: Mhalifu wangu anamwaga chokaa juu ya maiti ili iishe upesi. Inafaa?

Jibu: Inafaa kama unataka akosee. Chokaa huelekea kupunguza kasi ya kuoza badala ya kuiongeza. Mtu anayeamini amefuta ushahidi kumbe ameutunza ni zawadi kwa mwandishi.

Swali: Naweza kumaliza fumbo kwa kipimo cha DNA?

Jibu: Kitumie kuanzisha fumbo, si kulimaliza. Ndugu wa mzazi mmoja huchangia takriban asilimia 25, na vivyo hivyo mtu na mjomba wake, au bibi na mjukuu. Majibu ya asilimia 25 yanaleta watuhumiwa watatu mezani. Zingatia pia mwaka: utambuzi wa watu kwa DNA ulianza 1984, kwa hiyo aliyezika 1974 hakuwa na la kuogopa.

Swali: Sura za zamani niziweke maandishi ya mlazo?

Jibu: Hapana. Kurasa nzima za mlazo zinachosha macho. Mwaka juu ya sura unatosha.

Swali: Wasomaji wangu wanaruka sura za zamani, wanataka kurudi leo. Nifanyeje?

Jibu: Zitoe zote 14, zisome mfululizo kama hadithi fupi. Ukichoka kufikia ya tano, zamani yako haina saa. Kwa kawaida kosa liko sura ya pili au ya tatu: watu wanakaa, wanakumbuka, wanatazama bahari. Lete jembe mapema, na maji yawe bado yamejaa.